Mlango wa Sauti ya Saba

Haya nayaandika kwa wino. Daftari hili kwa kawaida nalijaza kwa kalamu ya risasi, maana mimi ni mtu wa kujutia maneno, naandika leo nafuta kesho. Lakini jambo hili sitaki kulifuta, wala sitaki mtu aje aseme nililiota. Ilikuwa mchana, jua liko utosini, nami niko macho, nimeshakula, sina homa. Wallahi lilinipata hapa hapa Likoni, nyumbani kwa nyanya yangu, na alama yake ninayo mkononi wakati huu ninapoandika. Atakaye kuiona aje nimwonyeshe.

Kwanza mnijue. Mimi nina haya. Si haya ya kujifanya, ile ya wasichana wanaoziba mdomo kwa leso huku wanacheka. Yangu ni ugonjwa. Niko kidato cha pili, na mwalimu akiniuliza swali humjibu nikiitazama meza. Watu wengi wa mtaa wetu siwajui nyuso, nawajua kwa viatu. Basi hebu fikirini, mtu wa namna hii aambiwe akakae mbele ya wanawake wa Likoni nzima apige gitaa.

Ilikuwa hivi. Dada yangu Khadija, binti wa mama mkubwa, alikuwa anaolewa. Siku ya kupamba, bibi harusi anapotolewa kwa wanawake wenzake wamtazame, chama cha kina mama cha Bi Zainabu ndicho kilichokuwa kiimbe. Bi Zainabu hupiga kodiani, ana mabega mapana na ulimi mpana zaidi. Chama chake kina fidla, taishokoto ya nyuzi na vibonyezo, na ngoma, wote wanawake, isipokuwa besi. Besi alikuwa akipiga mjomba wangu Salim, ndugu yake mama, akiwekwa nyuma ya pazia ili asione watu. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote, na hakuna aliyelalamika.

Safari hii nyanya yake bwana harusi alileta ujumbe: mwanamume hatakiwi, hata nyuma ya pazia. "Pazia lina matundu," alisema. "Na Salim namjua tangu mdogo."

Bi Zainabu akaja kwetu amekunja uso. "Sasa besi atapiga nani? Paka? Wale wa chama cha Mtongwe wakisikia tumekwenda harusini bila besi watatuita chama cha nzi."

Mjomba alikuwa amekaa mkekani akinywa kahawa. Akanyosha kidole kwangu. "Huyu."

"Huyu?" Bi Zainabu alinitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana. "Huyu hata salamu huitoa kwa mkopo."

"Nimemwona akifagia," mjomba akasema. "Vidole vya kushoto vilikuwa vikicheza juu ya mpini wa ufagio. Nilivyopiga mimi jana, ndivyo."

Ilikuwa kweli. Nilidhani hakuna anayeniona. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini, niseme ukweli wa nafsi yangu, ndani kabisa nilifurahi. Mimi ni mashoto, na huko chuoni nilikojifunza kusoma Kurani mkono huu ulipigwa sana ukiambiwa ni wa shetani. Kumbe kwenye besi mkono wa kulia ni wa kugusa tu. Wa kushoto ndio unaojua njia.

Gitaa lenyewe lilikuwa la Mhindi mmoja, Mgoa, aliyekuwa akipiga dansi hotelini. Wakati ule watu wengi walikuwa wakifunga mizigo kabla ya uhuru, na huku barazani wanaume wanagombana mwambao uende na nani. Mgoa alirudi kwao, gitaa likabaki kwa mjomba. Zito, jeusi, nyuzi nne nene. Mjomba mwenyewe ilikuwa asafiri na bendi yake ya dansi, Malindi kisha Lamu, wiki mbili, arudi harusi imeshapita. Kwa hiyo alinifunza jioni moja tu.

"Nyimbo za Bi Zainabu karibu zote ni ngazi ya huzuni," aliniambia. "Mgoa akiita maina. Wazee wetu wa taarabu wakisema nahawandi. Ukiijua hiyo, umeijua harusi nzima."

Akanichorea kwenye karatasi. Ngazi, kwa asiyejua, ni sauti zilizopangwa kutoka chini kwenda juu kama vipandio. Hesabu ni ya vile vyuma vilivyokingama shingoni mwa gitaa: uzi mnene, chuma cha tano, cha saba, cha nane. Uzi wa pili, cha tano, cha saba, cha nane. Uzi wa tatu, cha sita. Sauti saba. Kidole cha mwisho, hiki kidogo ambacho watu hukitumia kusafishia sikio, ndicho kinachokanyaga chuma cha nane, na hapo ndipo huzuni ilipo. Ukikosea hapo wimbo unacheka wakati wa kulia. Changu kilikuwa kifupi. Kilifika kwa kutetemeka, mara nyingine hakifiki.

Basi mjomba akaenda zake, nami nikabaki na karatasi.

Nyumba ya nyanya haina stima, na besi ya stima bila stima husikika kama mtu anayenong'ona ndani ya blanketi. Nikagundua kwamba nikikiegemeza kichwa cha gitaa kwenye mbao, mbao huitika. Nikajaribu kabati, nikajaribu kitanda. Mlango wa stoo ndio ulioitika vizuri kuliko vyote. Ni mlango mzito wa zamani, marehemu babu aliununua kutoka kwenye gofu moja huko porini, nyumba iliyokwisha kuanguka ikabaki kuta na mlango. Nikipiga uzi mnene, mlango mzima ulitoa sauti, hata nikaisikia tumboni. Nikaweka kigoda changu hapo.

Siku tisa. Kila mchana nikirudi shule, na nyanya amelala, nilipanda ngazi yangu: moja, mbili, tatu, mpaka saba. Karatasi ilikuwa na saba, kwa hiyo nami nilikomea saba. Kisha narudi chini kuanza upya. Sauti ile ya saba ilinikera, sikuwa na raha nayo, ilikuwa kama mtu aliyeinua mguu asiukanyage. Lakini nani mimi nimsahihishe mjomba? Nikadhani ndiyo huzuni yenyewe.

Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa. Wanaume wote wako msikitini, mtaa kimya, nyanya amekwenda kwa kina Khadija kusaidia kuchagua mchele. Niko peke yangu. Nikakaa kigodani, nikaegemeza gitaa mlangoni, nikapanda. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Nikanyamaza.

Na nyuma ya mlango mtu akaimba ya nane.

Hakuimba kwa nguvu. Aliguna tu, mdomo umefungwa, kama mama anayebembeleza mtoto. Nikasema ni masikio. Nikapanda tena, haraka haraka, nikakomea saba. Mtu akaguna ya nane, sawasawa, pale pale ambapo roho yangu ilikuwa inataka iwe.

Stoo ile haina mlango mwingine. Haina dirisha. Ndani kuna nazi na gunia la mkaa. Na mnyororo wa nje ulikuwa umefungwa, uko mbele ya uso wangu.

Mngefanya nini nyinyi? Wengine mngekimbia. Mimi haya zangu ziliniponza. Nilitanguliza adabu. Nikasema, sauti haitoki vizuri, "Assalamu alaikum."

"Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh," akaitika, yote, bila kupunguza hata neno. Mnyororo ukaanguka wenyewe. Mlango ukafunguka kwa ndani, gitaa likanielemea mapajani, na mwanamke akatoka akakaa chini mbele yangu.

Msiniulize uso wake. Nimekwisha kusema, mimi sitazami watu usoni. Niliona leso ya zamani, rangi zimeiva. Niliona miguu miwili kama yetu, mkae mkijua, si ya punda wala nini. Niliona mikono imepakwa hina mpaka kwenye viwiko, hina mbichi, bado inang'aa. Kisha nikaona vidole vyake vya kushoto. Vilikuwa sawa vyote. Kidogo, cha pili yake, cha kati, vyote urefu mmoja, kama meno ya kitana.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuuliza. Wataka nini kwangu?"

"Kwako, bibi?"

"Siku tisa waja mlangoni kwangu. Wabisha hodi, wabisha hodi, hata nikanyanyuka nikajitanda nije nikufungulie, nawe ushaondoka. Kesho waja tena. Watoto wa siku hizi hawafunzwi? Mtu hapigi hodi akakimbia."

Hapo ndipo nilipofahamu. Mlango ule babu aliuleta kwetu, lakini kumbe nyumba yake haikuuacha. Na mimi kwa sauti zangu saba, siku tisa nzima, nilikuwa nambishia hodi mwenye nyumba, na sauti ya nane, ile ya kuingia, sikuipiga hata mara moja.

"Karatasi ina saba tu," nikasema, nikalia. Naona aibu kuandika kwamba nililia, lakini nililia.

Alicheka kidogo. "Aliyeandika ni mwanamume. Huona mlango akadhani ameshafika. Nipe mkono."

Nikampa wa kulia, kwa adabu.

"La. Huo mwingine."

Sijawahi kuombwa mkono huo na mtu yeyote maishani mwangu. Nikautoa. Wake ulikuwa wa baridi kama mtungi. Akakishika kidole changu cha mwisho katikati ya vidole vyake viwili, akakivuta taratibu, kama mtu anavyonyosha uzi kabla ya kuupitisha sindanoni. Hakikuuma. Kisha akaiweka mikono yangu gitaani, akanipandisha ngazi, kidole changu kidogo kikafika chuma cha nane bila kutetemeka, uzi wa kwanza na uzi wa pili. Sauti ya saba, chuma cha sita. Na kutoka hapo, hatua moja tu mbele, chuma cha saba: ya nane.

Nyumba yote iliitika. Glasi za nyanya kabatini zilitikisika. Na hakukuwa na stima, kumbukeni.

"Sasa umeingia," akasema. "Na kutoka, hutoki ulikoingilia. Kushuka, ile ya saba irudishe nyuma, chuma cha tano. Ndiyo heshima ya kuaga." Nikashuka, na kweli, sauti zilishuka kama mtu anayeondoka kwa watu kinyumenyume, hajawapa mgongo.

Alinirudisha ngazini mara nyingi, sijui ngapi. Mara nasikia msikitini wanatoka, viatu vinasuguana barabarani. Akasimama.

"Sikiza. Nimekuvumilia siku tisa kwa kuwa hukujua. Sasa wajua. Ukibisha tena kwangu na hukuingia, mimi nitaingia kwako. Kwako au kwa yeyote niliyemkuta karibu."

Akaingia stoo, mlango ukafungwa. Nilikaa mpaka nyanya akarudi, nikamweleza. Tulipoufungua pamoja tulikuta nazi na mkaa, na utando wa buibui umetanda kutoka kizingiti mpaka gunia, haukukatika hata uzi mmoja. Nyanya alikishika kidole changu, akakilinganisha na cha pili yake. Sawasawa. Akasoma dua kimoyomoyo, kisha akauliza jambo moja tu: "Salamu yako aliiitika?" Nikamwambia aliitika yote mpaka mwisho. "Basi ni Mwislamu," akasema. "Timiza alichokwambia."

Siku ya kupamba ikafika, baada ya alasiri, uani kwa bwana harusi, chini ya turubai. Stima wanayo. Nikachomekewa waya, nikakaa kwenye kiti nyuma ya Bi Zainabu, mabega yake yakawa pazia langu. Wanawake walijaa mpaka juu ya kuta. Wale wa Mtongwe walikuja pia, wamekaa safu ya mbele makusudi, wanatafuna tambuu.

"Kumbe wamemleta bubu," mmoja akasema, nikasikia.

Bi Zainabu akageuka. "Bubu ndiye asiyekosea maneno, dada. Meza tambuu yako." Kisha kwangu, chini kwa chini: "Wewe, ukinitia aibu nakuoza leo leo pamoja na Khadija."

Tukaanza. Sitajisifu kwa nyimbo za mwanzo, nilifuata tu. Lakini wimbo wa tatu nikasahau kwamba kuna watu. Nilishuka pale kodiani iliposhuka, nikapanda, na wanawake wakaanza kuyumba mabega kwa sauti yangu, si kwa ya mwingine. Mnajua mtu asiyeweza kusema hujambo anajisikiaje akiona watu mia wanayumba kwa kidole chake? Mimi najua.

Basi tuko katikati, tunapanda kuelekea mwisho wa ubeti, mlango ukafunguliwa na Khadija akatolewa. Vigelegele! Hakuna anayeweza kusikia kitu. Na desturi ya chama ni hiyo, bibi harusi akitokea muziki hukatwa hapo hapo, kama kisu. Bi Zainabu akafunga kodiani, fidla ikanyamaza, ngoma kimya. Nami kidole changu kiko chuma cha sita, sauti ya saba.

Tulikuwa tumekata mlangoni.

Vigelegele vikaisha. Kikawa kile kimya cha kumtazama bibi harusi, Khadija amesimama kizingitini macho chini. Na upande wa nyuma, ukutani, nikaona mkono ukiinuka juu ya vichwa vya watu. Hina mpaka kiwikoni. Vidole sawa vyote. Mkono ukaanza kusogea, watu wanaupisha bila kujua kwamba wanaupisha, na haukuja kwangu. Ulikuwa unakwenda kwa Khadija.

Nilijua la kufanya. Hatua moja, chuma kimoja. Lakini kupiga peke yangu, katika kimya kile, wanawake wote wanigeukie? Niaminini, kwa dakika hiyo niliona afadhali nife. Wa Mtongwe watasema nimekosea. Bi Zainabu ataniua. Mkono umeshafika safu ya pili, Khadija amelegea kidogo magoti, mama mkubwa anamshika.

Nikanyanyua uso wangu. Nikawatazama watu, machoni, mmoja mmoja. Nikapiga ya nane.

Ilitoka nzito, pana, ikajaza turubai. Nikaiacha ilie mpaka mwisho wake. Kisha nikashuka peke yangu, polepole, ile ya saba nikairudisha chuma cha tano, kisha sauti ya sita, ya tano, ya nne, mpaka chini, kwa heshima ya kuaga. Na Khadija, msikie, akanyosha magoti, akatembea. Hatua kwa sauti, hatua kwa sauti, kama aliyefundishwa. Alipokaa kitini ndipo nilipomaliza. Nilipotazama safu ya pili, sikuona mkono.

Hapo yule yule wa Mtongwe aliyeniita bubu akatema tambuu akapiga kigelegele, na ua mzima ukampokea.

Bi Zainabu aligeuka na kiti chake kizima. "Nani kakufunza kumwingiza bibi harusi hivyo?"

"Jirani," nikasema.

Siku hizi hakuna kupamba Likoni bila bibi harusi kuingizwa kwa besi peke yake, vyombo vyote vimekatwa. Hata wale wa Mtongwe wameiga, ingawa wanakosea kushuka. Mjomba aliporudi alinisikiliza mpaka mwisho, akakitazama kidole changu. Kisha akasema gitaa lisirudi kwake, libaki kwangu. Sijawahi kuambiwa neno tamu kuliko hilo. Wako wanaomwuliza mama nani atanioa na kidole hiki. Zamani ningekificha ndani ya buibui. Sasa nakiweka juu ya meza shuleni, mwalimu akiniuliza swali.

Lakini kuna jambo moja halijaniacha. Mchana wa Ijumaa kidole hiki huwa baridi kama mtungi, hata nikikiweka juani, na muziki wowote ukikatwa kabla haujafika nyumbani, iwe ni redio, iwe ni mtoto anayepiga mluzi njiani, huniuma mpaka niumalizie mimi. Nimeshazoea.

Kwa hiyo nakwambia wewe unayesoma. Kama kwenu kuna msichana anajifunza ngazi hii, na ukamsikia amefika pale juu anasita, usimwite aje kula, usimtume dukani, usimcheke. Mwache aingie. Na ukishindwa kungoja, ukamkatiza, basi usiondoke hapo. Kaa wewe mlangoni, umpokee atakayefungua.